Misalaba Mitatu ya Tshibumba

Eugène Delacroix aliponakili sehemu ya Arusi ya Kana, mchoro wa Paolo Veronese wa mwaka 1563, alikuwa akijifunza rangi. Mchoraji wa Katanga, Tshibumba Kanda-Matulu, aliazima kwa nia nyingine. Katika mfululizo wake wa historia ya Zaire (1973-1974), nyuma ya maiti za Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa Januari 17, 1961, imesimama misalaba mitatu. Mtazamaji wa Masisi au Walikale, aliyezoea picha za kanisani, huitambua Golgotha pasipo kufundishwa. Atakayeuita uazimaji huo nakala tu atakuwa amekosea: ndio unaowageuza wahanga kuwa mashahidi. Hata hivyo, una hasara yake. Kifo cha Msalabani kilitabiriwa. Cha Lumumba kilipangwa na watu, na watu huulizwa.