Hongera Buigiri, hongera kitabu kinachosema

Shule ya Wasioona Buigiri, wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, na ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini. Tangu hapo walimu wake wamefundisha watoto kusoma kwa vidole. Wanastahili pongezi, maana kazi yenyewe nzito, na kihalisia nzito: karatasi ya nukta nundu ni nene, hivyo kitabu kimoja cha kiada hugeuka majuzuu kadhaa ya kubebwa.

Ndiyo maana nakisifu pia kisomeo cha sauti, kile kidogo cha kutia mfukoni. Kidole hupapasa kinundu kwenye kitufe cha namba tano, kikajua vingine vilipo. Na kitabu kinachosomwa humo, cha mfumo wa vitabu vya sauti uitwao DAISY, si kaseti ya kurudisha nyuma kwa kubahatisha. Msomaji huruka sura hadi sura, huweka alama, huongeza kasi, na kesho huanzia alipoishia. (Sauti haimfundishi mtoto tahajia, kwa hiyo nukta nundu isitupwe.)

Mwaka 2020 Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaolenga maktaba zitengeneze nakala kama hizi, za sauti na za nukta nundu, bila kusubiri ruhusa ya mwenye hakimiliki, na kubadilishana na nchi nyingine. Wachapishaji, tunzeni faili za vitabu vyenu na mzitoe zikihitajika. Nanyi watangazaji wastaafu wa Dodoma, sauti zenu bado nzuri: jitoleeni kusoma.