Heko, Madereva wa Karatu

Kuanzia mashamba ya Qurus hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kiangazi ni msimu wa vumbi jekundu. Vumbi hilo likipenya kwenye thredi za filta ya lenzi ya kamera iliyokazwa kupita kiasi, filta haifunguki, na kifaru hasubiri. Hapo dereva mwongozaji huonyesha ufundi wake. Hakimbilii koleo: anajua pete ikibanwa pande mbili hupinda na kung'ang'ania zaidi. Huzungushia ukingo wote ukanda wa tyubu ya baiskeli, akaushika kwa wepesi na kuuzungusha kinyume cha mishale ya saa. Filta ikitoka, hupitisha brashi laini kwanza, kabla ya kufuta kioo. Kazi hiyo haimo kwenye mkataba wake. Hongereni sana, nanyi wageni, bahashishi msiisahau.