"Moja" Iko Wapi? Likembe na Roki Zilivyopangiwa Mapigo

Mwaka 2011 wanamuziki wapatao ishirini walikutana kufanya mazoezi ya ziara moja ndefu, na swali likawa lile lile kila siku: moja iko wapi? Waliouliza ni wapiga roki. Kulikuwa na Deerhoof kutoka San Francisco, wanandoa wa muziki Wildbirds & Peacedrums kutoka Sweden, na Juana Molina wa Argentina. Walioulizwa ni Wakongo wa Konono No.1 na Kasai Allstars, ambao hawakuona kwa nini mtu mzima aulize jambo la namna hiyo. Miaka 11 baadaye swali likageuka jina la albamu: Where's the One?, iliyotolewa 2022 na kampuni ya Crammed Discs ya Brussels, kundi zima likijiita Congotronics International.

Wapiga muziki husema "moja" kumaanisha pigo la kwanza la mzunguko, pale ambapo wote hukanyaga pamoja. Ukiipoteza, umepotea hata kama vidole vinajua kazi yake.

Ukiwachezea albamu hii wapenzi wa muziki wa hapa Kalemie, maoni yanapasuka mara tatu kabla wimbo wa pili haujaisha. Vijana wa ndombolo wanangoja sebene ya gitaa na kelele za atalaku, hawavioni, wanarudi kwenye simu zao. Wapiga gitaa wa kanisani wanakunja uso. "Yaya, hii gitaa haiko mu akorde," mmoja alilalamika. Mzee wa asili ya Kasai, ambaye familia yake ililetwa huku na kazi ya reli, akamjibu papo hapo: "Hapana, mwana. Ile gitaa iko muzuri. Ni masikio yako ndiyo iko mu kinanda ya kanisa." Kwa maoni yangu wote wawili wanasema kweli, na kwa kuwa inawezekana wote kuwa sahihi, kazi hii inastahili kufunguliwa skrubu moja moja.

Tuanze na sauti, maana ndiyo iliyowavuta wapiga roki tangu mwanzo. Konono No.1 iliundwa Kinshasa mwaka 1966 na Mawangu Mingiedi, mtu wa Bazombo, watu wa mpakani na Angola ambao ngoma yao ya zamani ilichezwa kwa baragumu za pembe za ndovu. Mingiedi aliihamishia kwenye likembe, kile kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma zinazobonyezwa kwa vidole gumba. Likembe ina sauti tamu lakini haifiki mbali. Barabarani Kinshasa, kati ya magari na baa, inamezwa. Dawa yake ilikuwa vipuri vya magari yaliyokufa. Alitoa sumaku, akatengeneza maikrofoni zake kwa mkono, akazifunga kwenye likembe na kuziunganisha na amplifaya. Ulimi wa chuma ukitetemeka mbele ya sumaku iliyozungushiwa waya, unazaa umeme kidogo, amplifaya inaukuza. Gitaa la umeme linafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba hili la Mingiedi halikununuliwa dukani. Likembe zake zikawa tatu: ya besi, ya kati na ya juu. Waimbaji wakapitishia sauti kwenye vile vipaza sauti vya enzi ya ukoloni vinavyoitwa lance-voix.

Amplifaya ndogo ikidaiwa nguvu kuliko uwezo wake, inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, na pale inapokata panazaliwa sauti nyingine za juu juu ambazo chombo chenyewe hakikuzitoa. Ndio ule mkwaruzo. Roki imejengwa juu yake. Dave Davies wa The Kinks alichana karatasi ya spika kwa wembe ili kuupata katika You Really Got Me ya 1964, na Waingereza wanalisimulia jambo hilo hadi leo kama uvumbuzi mkubwa. Mpiga madimba wa Kasai angeshangaa. Chini ya kila ubao wa madimba pananing'inia kibuyu. Kibuyu kina tundu, na tundu limezibwa kwa utando mwembamba unaotetemeka ubao unapopigwa. Sauti inatoka na mvumo wake, kwa makusudi. Ngoma za ditumba nazo zina utando kama huo. Kwa hiyo albamu ya Konono, Congotronics, ilipotoka 2004, mpiga roki aliyeisikia alikutana na mkwaruzo alioujua, kwenye mikono ya watu ambao hawakuhitaji kumwiga ili kuupata.

Matokeo ya mvuto huo yalionekana kwanza mwaka 2010, katika albamu ya Tradi-Mods vs Rockers. Wasanii 26 wa roki na muziki wa mashine walipewa kazi za mfululizo wa Congotronics kila mmoja azifinyange nyumbani kwake. Kuna vipande vizuri humo. Lakini kiufundi hiyo ni kazi rahisi: unakata kipande cha likembe, unakizungusha kwenye kompyuta, unaweka gitaa lako juu, na likembe haiwezi kukubishia. Moja inakuwa pale unapotaka wewe. Jukwaani 2011 likembe ilikuwa na mwenyewe.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa ulinganifu wa sauti, kile alichokilalamikia kijana wa kanisani. Gitaa lina vigawanyo vilivyopigiliwa shingoni. Ngazi zake 12 zimekwishaamuliwa kiwandani. Likembe inalinganishwa kwa kusogeza ndimi: ukiuvuta ulimi uwe mrefu sauti inashuka, ukiurudisha inapanda. Mwenye likembe anazilinganisha zake na wenzake na sauti za waimbaji, hana haja ya kuuliza piano. Gitaa na likembe zikikutana, mwenye chombo kimoja lazima asogee. Ninavyosikia mimi, waliosogea zaidi ni wapiga gitaa. Mahali pengi wameacha kupiga akorde nene, zenye noti nyingi za kugombana na likembe, wakabaki na kifungu kifupi cha noti chache kinachorudiarudia. Noti moja iliyo kando kidogo, ikiwa na mkwaruzo, sikio linaisamehe. Noti sita zilizo kando kwa pamoja linazikataa. Pale walipojisahau wakarudi kwenye akorde zao, kijana wetu ana haki yake.

Kikwazo cha pili ndicho kilichozaa jina la albamu, na hapa naomba msomaji atumie meza. Hesabu 1 hadi 12 kwa mwendo mmoja, bila kupumzika, ukirudi 1 kila unapomaliza. Mkono wa kulia upige kwenye 1, 4, 7 na 10. Umepata mapigo manne, mwendo wa kutembea. Sasa wa kushoto upige kwenye 1, 5 na 9. Hayo ni matatu, mwendo wa kubembea. Mikono inakutana kwenye 1 tu, kisha kila mmoja unashika njia yake. Ukishatulia, mwombe mwenzako agonge chupa kwa kijiko kwenye 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Muundo huo wa chupa unajulikana katika ngoma nyingi, toka Afrika Magharibi hadi huku kwetu Kongo.

Sasa mlete mtu mlangoni ambaye hakuwasikia mkianza. Atashika wapi? Anaweza kusikia manne, anaweza kusikia matatu. Anaweza kudhani pigo la 12 ndilo mwanzo, kwa kuwa 12 na 1 zimefuatana na mdundo unakazika hapo. Akianza kupiga kwa dhana hiyo, kila kitu kitaelekea kuwa sawa kwa muda mrefu. Hatagundua kosa mpaka atazame miguu ya wachezaji. Anayejua moja ni mguu. Katika ngoma nyingi za Kongo hakuna chombo kinachoitangaza. Kila mmoja ana kifungu chake, kimeingia palipoachwa wazi na mwenzake, na mchezaji ndiye anayekanyaga chini ya hayo yote.

Roki imelelewa kinyume cha hapo. Dramu inakuambia kila sekunde uko wapi: teke la ngoma kubwa kwenye 1 na 3, kofi la ngoma ndogo kwenye 2 na 4. Mpiga dramu ni trafiki wa njia panda. Mtu aliyekua na huyo trafiki ukimpeleka njia panda isiyo na mtu, lazima aulize.

Wanaosikiliza muziki Katanga hawana kisingizio cha kushangaa. Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, na Masanga yake imejaa mambo haya: kidole gumba kinashika mwendo wake kwenye nyuzi nene, cha shahada kinakata mwendo mwingine juu. Mtu mmoja, vidole viwili, gitaa moja kavu. Likembe nayo ilisambaa kutoka Kongo ya chini kuelekea mashariki pamoja na wapagazi na vibarua, na reli kutoka Kabalo ilipofika hapa Kalemie, ziwani, mwaka 1915 ilileta watu na vyombo vyao. Mzee wetu wa Kasai aliposikia albamu hakutafuta moja. Alianza kutikisa goti.

Basi wapiga roki walifanyaje? Albamu inaonyesha njia mbili, na ubora wa kila wimbo unategemea ni ipi iliyochukuliwa. Njia mbaya ni kumrudisha trafiki. Dramu inashika 2 na 4 kwa nguvu, kila mtu anajua alipo, likembe zinageuka pambo nyuma ya gitaa. Inachezeka, ila ungeweza kuondoa Wakongo nusu usione tofauti. Njia nzuri ni ile ambayo wapiga dramu, Greg Saunier wa Deerhoof na Andreas Werliin wa Wildbirds & Peacedrums, wanaliacha kofi la kawaida na kuchukua kifungu kimoja kama mtu yeyote katika kundi, wakigonga ngoma za pembeni katika nafasi zilizobaki. Hapo ndipo bendi ya watu ishirini inasikika kama kitu kimoja, na swali la moja linakosa maana kwa sababu kila mwenye kifungu anamtegemea jirani yake.

Kuna mtihani wa upande wa pili ambao mashabiki hawautaji. Wimbo wa Deerhoof wa 2011, Super Duper Rescue Heads!, umo katika albamu hii kwa jina la Super Duper Rescue Allstars, na humo Wakongo ndio wageni. Wimbo wa roki unatembea kwa kubadili akorde na vipande: beti, kiitikio, mkato. Likembe haina mahali pa kuhamia. Ndimi zake ni zile zile tangu ulipoilinganisha asubuhi. Ama wimbo uache kuhama, ama likembe inyamaze mahali fulani. Kila mpangaji wa muziki anayetaka kuchanganya vyombo hivi atakutana na uamuzi huo, na hata mchanganyaji mashuhuri kuliko wote hawezi kuukwepa.

Sehemu kubwa ya sauti za albamu ilitoka kwenye majukwaa na mazoezi ya ziara ile. Vincent Kenis, mtayarishaji Mbelgiji aliye nyuma ya Congotronics, ana tabia ya kurekodi mahali watu wanapopigia. Albamu ya Très Très Fort ya kundi la Staff Benda Bilili, iliyotoka 2009, aliirekodi kwenye bustani ya wanyama ya Kinshasa kwa kompyuta ya mkononi na maikrofoni. Faida ya mtindo huo ni kwamba wapigaji wanaonana, na muziki unaotegemea jirani haurekodiki vizuri kila mtu akiwa chumbani peke yake. Hasara yake iko wazi humu: mishono kati ya kipande na kipande inasikika, na albamu ni ndefu kuliko ilivyohitaji. Mingiedi hakuisikia ikiwa kamili, alifariki 2015.

Sifa kubwa zaidi, nikiulizwa, naipeleka Kasai Allstars, na nasikitika wachambuzi wa Ulaya huipitia haraka. Kabla ya roki yoyote, wao walikwisha kukusanya wapigaji wa makabila matano ya Kasai, lugha tofauti, ulinganifu tofauti wa vyombo, madimba, lokombe na likembe ya umeme pamoja na gitaa la Mopero Mupemba, wakati wenyewe kwa wenyewe walidhaniwa hawachezeki pamoja. Mchanganyiko huo ni mgumu kuliko wa Kongo na San Francisco, kwa kuwa hakuna aliyekuwa mgeni wa kusamehewa. Albamu yao ya 2008 ndiyo iliyowafundisha hawa wengine ustahimilivu.

Hukumu yangu: nusu ya Where's the One? ni kazi bora kuliko zote za kuchanganya muziki zilizowahi kutoka mikononi mwa Wakongo na wageni, na nusu nyingine ni kumbukumbu ya ziara nzuri. Kijana wa kanisani asianze nayo. Aanze na Congotronics ya 2004, aizoee likembe ikiwa peke yake. Afuate Kasai Allstars ya 2008. Ndipo aingie hii ya 2022, kwa spika zenye besi ya kutosha, maana kwenye simu likembe ya besi haisikiki kabisa, na bila hiyo huwezi kujua mguu ukanyage wapi.