Busu la Betty na waya zangu

Siku nilipowekewa waya za meno, daktari alinipa karatasi ya vitu vya kuepuka: mahindi choma, miwa, njugu, barafu, peremende ngumu. Niliisoma kwenye matatu nikirudi nyumbani, mbele na nyuma. Kuhusu busu, kimya. Nilikuwa na miaka 24 na mtu niliyempenda, na jioni ile alipoinama kunibusu niligeuza uso, busu likatua sikioni. Alidhani nimemchoka. Mimi nilikuwa naogopa kumchana mdomo.

Kwa vile niliona haya kumuuliza mtu, niliuliza televisheni. Nikarudia *Ugly Betty*, msimu baada ya msimu, kisha nikamtafuta mama yake, *Yo soy Betty, la fea*, telenovela ya Kolombia iliyoandikwa na Fernando Gaitán na kuanza mwaka 1999. Hawa Betty wawili wana miwani, nywele zisizosikia la mtu na chuma mdomoni. Wote wameajiriwa na watu wa fasheni. Lakini linapofika suala la kubusu, hizi ni hadithi mbili tofauti kabisa.

Kule Kolombia, busu ni kazi. Kampuni ya Don Armando, Ecomoda, imezama kwenye madeni, na kisheria hatima yake iko mikononi mwa Betty, katibu wake. Rafiki yake Calderón anamshauri amtongoze ili asije akawageuka. Armando anajikaza kumbusu kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo, nasi tunatarajiwa kucheka. Nilicheka, nakiri. Kisha Betty anaikuta barua ya Calderón yenye maagizo ya jinsi ya kumhadaa, na kicheko kikanikwama kooni. Gaitán alikuwa ametushika: muda wote huo tulikuwa tumekaa upande wa Calderón. Baadaye Armando anampenda kwa dhati, sawa, ila kwangu ile barua haifutiki. Nilitambua kwamba jioni ile nilipogeuza uso nilikuwa nimejiandikia barua kama hiyo mwenyewe. Nilishaamua kwamba mdomo wenye waya ni kitu ambacho mwenzako anavumilia.

Betty Suarez wa Marekani, anayeigizwa na America Ferrera, haishi kwenye hadithi hiyo. Anabusiwa na Walter, na Henry wa uhasibu, na Gio muuza sandwichi, na Matt. Hakuna anayejikaza. Kinachomtenganisha na Henry ni Charlie na mimba yake, si chuma. Wahakiki wengi wanapoisifia *Ugly Betty* wanataja familia, uhamiaji, Queens. Mimi nasifia jambo dogo zaidi: kwa karibu misimu minne, msichana mwenye waya anabusiwa na hadithi inaendelea na shughuli zake.

Tatizo ni kwamba waya za Ferrera zilikuwa za bandia. Kwa hivyo hatuoni wiki za kwanza, midomo inapovimba kwa ndani. Hatuoni zile siku mbili tatu baada ya kukazwa, ambapo hata uji unauma. Hakuna anayebandika kipande cha nta juu ya chuma kinachochoma shavu, wala anayekimbilia bafuni kupiga mswaki kwa sababu sukuma imejishika mbele. Hadithi ya wapenzi wawili wenye waya kunasana ndiyo inayopendwa zaidi, nami niliiamini tangu sekondari, ilhali ni nadra mno. Mambo halisi ni ya kawaida: anza taratibu, midomo ikiwa imefungwa, usigandamize, na denda iache hadi ndani kupone. Na mwenzako aambiwe ulimi wake ukae mbali na waya. Hayo yote yangetosha tukio moja zuri la vichekesho, la watu wawili wanaopendana wakielekezana. Katika misimu yote minne sikuliona.

Badala yake, karibu na mwisho mwaka 2010, tunapewa kipindi kiitwacho «Million Dollar Smile». Siku ya kutolewa waya, Betty anaota maisha ambamo meno yake yalikuwa mazuri tangu mwanzo, na humo yeye ni mtu mbaya, mwenye kudharau watu. Yaani waya ndizo zilizomfunza utu! Halafu zinatolewa, anatabasamu, na baada ya vipindi vichache hadithi inaisha. Hapo tuliachana. Waandishi walioziacha waya kuwa waya kwa miaka yote hiyo walishindwa kujizuia dakika za mwisho, wakazigeuza mtihani wenye cheti. Waya zangu hazijanifundisha wema wowote. Zimenifundisha kukata embe kwa kisu.

Nilimpigia simu yule mtu Jumapili, nikamweleza ukweli kuhusu sikio. Alicheka hadi nikakasirika, akaniuliza sasa tunafanyaje. Nikamwambia polepole, na si wiki hii, kwa sababu Jumanne nakazwa. Akaniuliza kama Jumatatu inafaa.