Boksi la Kamera Nne Halilijui Geti Lako

Ukiingia madukani Kariakoo kuulizia kamera za ulinzi, kitu cha kwanza utakachooneshwa ni seti: boksi moja lenye mashine ya kurekodia, yaani DVR, kamera nne za megapikseli 2, kebo nne zilizokwishafungwa vichwa, na adapta moja yenye mkia wa kugawa umeme sehemu nne. Muuzaji anamaliza haraka, mnunuzi naye anaondoka na bei anayoielewa. Tatizo ni kwamba boksi limeshakuamulia mambo manne kabla fundi hajapanda ngazi: kamera itatazama upana gani, umeme utasafiri umbali gani, picha zitatunzwa siku ngapi, na mfumo utafanya nini TANESCO wakikata.

Kazi ninayoichambua hapa ilikuwa ya kuyaamua upya mambo hayo. Ni nyumba ya familia pembezoni mwa Dar es Salaam. Mbele ina fremu ya duka la jumla, pembeni geti la magari, na uani kuna wapangaji. Seti ilikuwa imeshafungwa na inafanya kazi, mpaka kwenye simu ya mwenye nyumba inaonekana. Lalamiko lake lilikuwa fupi: watu anawaona, lakini hawatambui.

Fundi wa pili hakugusa kamera kwanza. Alizunguka na mwenye nyumba, na kila waliposimama akauliza swali lile lile: "Mama, hapa unataka ujue kuna mtu, au unataka ujue ni nani?" Kwenye uzio wa nyuma jibu lilikuwa kuna mtu. Getini na kwenye kaunta, ni nani.

Swali hilo lina hesabu nyuma yake. Kiwango cha Ulaya cha mifumo ya kamera, EN 62676-4, kinapima picha kwa idadi ya pikseli zinazoangukia kila mita ya eneo linalotazamwa. Pikseli 25 kwa mita zinatosha kujua kwamba kuna mtu. Kumtambua mtu unayemfahamu kunahitaji 125, na kumtambua mgeni kunahitaji 250. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1,920 kwa upana, hivyo ikitazama eneo la mita 7 na nusu, inafika hapo kwenye 250. Eneo likipanuka zaidi ya hapo, sura zinaanza kupotea.

Kamera za kwenye boksi zilikuwa na lenzi ya milimita 2.8, ambayo husifiwa dukani kwa kuona eneo kubwa. Geti liko mita 10 kutoka kwenye kona ya nyumba, na kwa umbali huo lenzi hiyo inatazama upana wa mita 20 hadi 25. Uso wa mtu una upana wa sentimita 15 hivi, kwa hiyo sura nzima ya aliyesimama getini ilikuwa inachorwa kwa pikseli kumi na kitu. Hata ukivuta picha kwa vidole kwenye simu, unachokuza ni vile viboksi vichache tu. Fundi aliweka pale kamera ya megapikseli zile zile yenye lenzi ya milimita 8. Sasa upana umebaki karibu mita 7, lakini uso unapata pikseli 40 na ushee. Ile ya zamani haikutupwa. Ilihifadhiwa iwe akiba ya uzio wa nyuma, ambako lenzi pana ndiyo inayofaa.

Dukani tatizo lilikuwa mwanga. Kamera ilifungwa nyuma ya kaunta, juu kabisa chini ya dari, ikitazama mlango. Kuanzia saa nne asubuhi jua la nje linawaka mlangoni, na kila anayeingia anageuka kivuli cheusi. Zipo kamera zinazosawazisha mwanga na giza kwenye picha moja, na husaidia, ila dawa ya bei nafuu ni kuihamisha. Ilipelekwa ukuta wa ubavuni, mlango ukatoka kwenye picha, ikashushwa hadi mita 2 na robo hivi. Kamera ikiwa juu mno inarekodi kofia.

Suala la umeme ndilo mafundi wengi hulivuka haraka. Kamera ya uzio wa nyuma ilikuwa inaonesha vizuri mchana, ikifika usiku inazimika na kuwaka. Mwenye nyumba aliambiwa imeungua. Ilikuwa nzima. Giza likiingia, kamera huwasha taa zake za infraredi na kuhitaji umeme mwingi zaidi. Tukadirie wati 5, yaani kama ampea 0.4 kwa volti 12. Umeme huo ulipita kwenye waya mwembamba wa mita 40. Waya wa shaba wa milimita 0.2 za mraba, kwa safari ya kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 7 hivi, na hapo karibu volti 3 zinapotelea njiani. Kamera inapewa volti 9 badala ya 12. Waya wa alumini uliopakwa shaba juu, ambao umejaa sokoni, unapoteza zaidi. Fundi alivuta waya wa shaba wa milimita 0.75 za mraba ndani ya konduti, upotevu ukashuka chini ya volti moja, na kamera "iliyoungua" ikakesha bila kuzima. Kwa anayeanza upya, kamera za IP zinazopokea umeme na picha kwenye kebo moja ya mtandao hupunguza usumbufu huu, mradi kebo isizidi mita 100.

Kumbukumbu nazo zilikuwa na pengo. Kamera moja ikirekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde, kwa siku inakula gigabaiti 43. Kamera nne zinafika 173, hivyo diski ya terabaiti 1 inajaa kabla siku ya sita haijaisha, kisha mashine inafuta za zamani na kuandika mpya juu yake. Duka hili linahesabu mali kila mwisho wa mwezi. Katoni ikipotea tarehe 5 na kugundulika tarehe 30, hakuna cha kutazama. Mashine iliwekwa kwenye mfumo wa kubana picha wa H.265 kwa megabiti 2, na diski ikabadilishwa kuwa ya terabaiti 4, ya aina iliyotengenezwa kwa kuandika saa 24. Sasa kumbukumbu zinavuka siku 40. Mashine yenyewe ilitolewa chini ya kaunta ikafungiwa chumbani, kwa sababu mwizi akiiona anaondoka nayo pamoja na ushahidi.

Mfumo wote pamoja na ruta unakula wati 45 hivi. TANESCO wakikata, UPS ndogo ya kompyuta hushikilia kwa muda mfupi tu. Betri ya ampea-saa 100 yenye inveta, hata ikitumika nusu yake, inavusha usiku.

Limebaki lile lisiloonekana kwa macho. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodia nyingi mno duniani kwa kujaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani, zisizofika hata mia. Tarehe 21 Oktoba jeshi la vifaa hivyo lilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikitoa huduma ya anwani za tovuti, na tovuti kubwa zikawa hazifunguki. Fundi aliposhika mashine ya nyumba hii aliikuta na nywila ile ile iliyochapwa kwenye kijitabu cha boksi. Aliibadilisha, akamfungulia kila mwanafamilia akaunti yake, na akaziba sehemu ya picha iliyokuwa inaingia kwenye mlango wa mpangaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu picha za watu pia. Kibao cha kutangaza kwamba pana kamera kikawekwa getini.

Kazi kama hii isipokelewe mchana. Subiri usiku, mtu atembee kutoka getini hadi mlangoni, kisha mtazame kama sura yake inatambulika. Zimeni umeme wa ukutani muone mfumo unavyobaki. Halafu mwambie fundi atoe dakika mbili za picha za jana, aziweke kwenye flashi na kuzifungua kwenye kompyuta nyingine, huku wewe mwenyewe ukijifunza hatua hizo. Likitokea tukio, polisi watahitaji picha, na fundi huenda siku hiyo hapatikani. Likishindikana moja kati ya hayo, usimalizie malipo.