Mteremko wa Mita Saba

Hotuba ya Ali Stroker wengi wanaikumbuka. Mimi nataka tuzungumzie njia aliyopita kuifikia maikrofoni.

Usiku wa tuzo za Tony, Juni 2019, Stroker alishinda tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike katika tamthiliya ya muziki, kwa kumwigiza Ado Annie kwenye Oklahoma!. Hakuna mtumiaji wa kiti cha magurudumu aliyewahi kushinda Tony kabla yake. Sasa, sherehe zile zina kawaida yake: jina linatajwa, mshindi anashtuka, anawakumbatia waliokaa jirani, anakatiza katikati ya makofi mpaka jukwaani. Safari hiyo Stroker hakuipata. Radio City Music Hall, ukumbi uliofunguliwa 1932 na wenye viti karibu 6,000, haukuwa na mteremko wa kumtoa kwa watazamaji hadi jukwaani. Ikabidi asubiri nyuma ya jukwaa, kisha atokee pembeni. Kwenye televisheni mambo yalikuwa safi kabisa: gauni la njano, tabasamu, tuzo iliyotolewa kwa watoto wenye ulemavu wanaosubiri kujiona jukwaani. Asiyejua hakugundua kitu.

Lakini sisi wasomaji wa fasihi si tumezoea kusoma kisichosemwa? Basi tulisome na jengo. Marekani ina sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu 1990, na kwa watazamaji kazi imefanyika: kuna nafasi za viti vya magurudumu, kuna vifaa vya kusaidia kusikia. Stroker mwenyewe aliliambia hilo kundi la waandishi usiku uleule, kwamba upande wa watazamaji unafikika, tatizo liko nyuma ya jukwaa. Maana yake mtu mwenye ulemavu alifikiriwa kama mnunuzi wa tiketi. Alitarajiwa aje kupiga makofi. Kupigiwa yeye hakukuwemo kwenye ramani.

Onyesho lenyewe ndilo linalonifanya nione kosa hilo ni la kisanaa pia, si la mafundi tu. Ado Annie ni msichana anayependa wanaume na asiyejua kuwakatalia. Daniel Fish, aliyeongoza onyesho lile, hakumwongezea maneno ya kueleza kiti. Hakuna anayemuuliza ilikuwaje. Kiti si adhabu, si mtihani wa Mungu, si ishara ya nchi iliyovunjika. Msichana anatongoza, anatongozwa, anachekesha, basi. Kwetu tuliolelewa na hadithi ambazo kipofu ni ama ombaomba ama mwenye maono, na kiwete yupo ili shujaa amwonee huruma, hili si jambo dogo. (Hata sarufi yetu ina visa: kipofu, kiziwi, kiwete, wote tumewapanga na viti na vijiko, ingawa wakishafika tunasema "amekuja".)

Kuna wanaosema haya yote ni gharama, eti sanaa kwanza, mengine baadaye. Hao nawaonyesha Deaf West, kundi la Los Angeles, na Spring Awakening yao ya 2015, ambayo ndiyo iliyompeleka Stroker Broadway kwa mara ya kwanza. Waigizaji viziwi waliigiza kwa lugha ya alama huku wenzao wanaosikia wakiwaimbia sauti. Kisa ni cha vijana ambao wazazi na walimu hawataki kuzungumza nao ukweli. Ukimweka kiziwi kwenye darasa hilo, mbele ya mwalimu anayedai sauti ya kinywa tu, kisa kinauma mara mbili. Lugha ya alama pale haikuwa mkalimani aliyesimamishwa kwenye kona. Ilikuwa ndiyo mchezo.

Na huku kwetu? Karatasi tunazo. Katiba ya Kenya ya 2010 inayo, ibara ya 54. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka huohuo. Mkalimani wa lugha ya alama utamwona kwenye taarifa ya habari, kwenye tamthiliya umtafute kwa tochi. Halafu kuna yale majukwaa ya zege ya kumbi za shule, ngazi tatu nne pembeni, ambapo wengi wetu tuliona mchezo wetu wa kwanza. Nani aliambiwa pale, bila neno kutamkwa, kwamba yeye atakuwa mtazamaji maisha yake yote? Nimesoma uhakiki mwingi wa michezo: taa, maleba, sauti, hata jasho la mwigizaji. Ngazi sijaziona zikitajwa.

Hesabu yake si ngumu. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda. Jukwaa la sentimita 60 linataka mteremko wa mita 7 na kidogo. Mita saba huwezi kuziokota asubuhi ya onyesho kwa kulaza ubao. Zinatakiwa ziwe zimechorwa siku ile mhandisi anachora jukwaa.