Kina cha Tetemeko la Kagera: Kinakokotolewaje?
Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, karibu saa tisa na nusu alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, likaua zaidi ya watu 15 na kubomoa nyumba nyingi Bukoba. Mwanza nako lilisikika, ingawa kutoka kwetu Pasiansi, jijini Mwanza, hadi kitovu, ukikatiza ziwa, ni kama kilomita 210. Lilifikaje huku? Sababu moja tunaikanyaga kila siku: majabali ya Pasiansi ni sehemu ya mwamba wa kale, mgumu na baridi, usiomeza mawimbi upesi. Nyingine ni kina. Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS, liliandika kilomita 40.

Umbali si kazi ngumu. Wimbi la P, linalofika kwanza, hupita kwenye ganda la dunia kwa kasi ya kilomita 6 hivi kwa sekunde, la S, linalofuata, kwa 3.5, kwa hiyo kila sekunde ya pengo kati yao ni kama kilomita 8. Kifaa cha Pasiansi kingeonyesha pengo la sekunde 25. Cha Mbarara, Uganda, kilomita 110 kutoka kitovu, sekunde 13. Data za kituo hicho cha Mbarara, MBAR, ziko wazi kwa yeyote. ObsPy, programu huria iliyoanzia Munich, huzivuta, huchuja kelele, kisha hulinganisha nguvu ya mtikisiko wa sekunde chache zilizopita na wastani wa muda mrefu zaidi. Uwiano ukiruka ghafla, kuna kitu kimepita. Huku kwetu huenda ni lori la barabara ya uwanja wa ndege tu, ndiyo maana kituo kimoja hakiaminiki peke yake.

Kina ndicho kinachosumbua. Kwa kituo cha mbali, tetemeko la chini zaidi lililoanza mapema kidogo hufanana mno na la juu lililochelewa. Ili kuyatenganisha unahitaji kituo ambacho umbali wake haupiti sana kina chenyewe, na Mbarara iko mbali karibu mara tatu. Tena kuna jedwali la kasi za mawimbi linalotumika kukokotoa kina. Lile la dunia nzima, iasp91, linalipa ganda unene wa kilomita 35. Chini ya mwamba wetu ni karibu 40. Kwa jedwali hilo, tetemeko lilizuka chini ya ganda. Kwa vipimo vya hapa, lilizuka penye mpaka wake, na hapo maelezo ya kilichovunjika yanabadilika kabisa. Kwenye ObsPy unaandika jedwali lako, unakokotoa upya, na mwenzako wa Dodoma anakagua mstari kwa mstari. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa ya programu huria, kuliko hata kutolipiwa.

Lakini hakuna jedwali linaloziba pengo la kituo kisichokuwepo. Pamoja na jabali letu zuri la Pasiansi, fedha ya kwanza ningeipeleka Kagera: vifaa vitatu au vinne kwenye mwambao wa ziwa, saa zake zikifuata GPS, data zikiifikia Taasisi ya Jiolojia, GST, papo hapo na kubaki wazi kwa wote.